Daftari la Vifo Kwanza, Jengo Baadaye

Kila inapozuka habari ya kujenga kituo cha utafiti wa dawa za kulevya katika mwambao wetu, mazungumzo huanzia kwenye kiwanja: chuo gani kina eneo, ramani atachora nani, ukumbi wa mikutano uchukue watu wangapi. Kituo hicho nakiunga mkono kwa nguvu zangu zote, hasa kikijikita kwenye heroini, tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni, yaani opioidi. Ila naona tunaanzia mwisho. Kituo chenye manufaa kitaanza na daftari la vifo, kifuate na maabara ndogo ya kupima kilichomo ndani ya kete, kisha kiajiri watu wanaoaminika maskani. Kazi yote hiyo yaweza kuanzia kwenye nyumba ya kupanga.

Naanza na vifo kwa sababu hapo ndipo tusipoona kitu. Ukiuliza leo Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa ni watu wangapi walikufa mwaka jana kwa kuzidisha dozi, hupati jibu la kuaminika. Hakuna ofisa aliyelificha. Kifo chenyewe huja kimyakimya, na taratibu zetu za maziko humalizia kukifunika.

Heroini hutuliza sehemu ya chini ya ubongo inayoamrisha pumzi. Mtu anapozidiwa, pumzi huanza kuachana, koromeo hulegea, naye hukoroma kwa sauti nzito ya kukwama. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya pini, midomo na kucha hugeuka rangi. Mara nyingi haya huchukua muda mrefu, pengine saa nzima au zaidi, na muda huo wote anaweza kuokolewa. Lakini jamaa walio chumba cha pili wanasikia mkoromo na kushukuru kwamba leo kijana amelala mapema. Alfajiri wanakuta mwili wa baridi. Bomba la sindano hutupwa kabla majirani hawajaingia. Sheikh anaitwa, sanda inanunuliwa, na kabla ya magharibi marehemu ameshazikwa. Kwenye kibali cha mazishi huandikwa homa ya ghafla, au presha, au alianguka. Hata hospitalini, kama alifikishwa akiwa ameshakata roho, sababu inayoandikwa mara nyingi ni moyo kusimama. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, ina alama zake za kifo cha namna hii, X42 kwa kulewa sumu ya dawa hizi kwa bahati mbaya na T40.1 kwa heroini yenyewe, lakini alama hizo hazitumiki pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Kuuliza tunajua. Tanzania ilikuwa na mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima kuanzia mwaka 1992 hadi 2004, katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro, ambapo wahoji waliofunzwa walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza ndugu dalili za marehemu, na madaktari wakasoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Kilifi, tangu mwaka 2000, watafiti wa Kemri, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Wellcome wanafuatilia kuzaliwa, kuhama na kufa kwa wakazi wa eneo zima linaloizunguka hospitali ya kaunti. Ifakara nako wana uzoefu wa miongo ya kazi kama hii. Mbinu ipo, wahoji wapo, hata madodoso yapo.

Kinachokosekana ni maswali machache mahususi na mtu wa kuyauliza. Je, usiku ule alikuwa anakoroma? Midomo yake ilikuwa rangi gani? Alikuwa ametoka karibuni gerezani, hospitalini, au soba hausi, yaani nyumba ya kuachia dawa? Alikuwa amechanganya na pombe au na vidonge vya usingizi, vile ambavyo Mombasa huitwa bugizi? Alikuwa peke yake? Maswali haya hayaulizwi siku ya matanga wala na mtu mwenye sare. Yanaulizwa baada ya arobaini, na mama wa makamo anayejua kukaa mkekani na kunyamaza, kwa sababu mzazi aliyewaambia watu kwamba mwanawe alikufa kwa presha hawezi kubadili maneno mbele ya kijana mwenye kishikwambi aliyekuja na gari la mradi. Kumpata mama huyo na kumlipa ni uamuzi wa kisayansi sawa na kuchagua mashine.

Mtu anaweza kuuliza: utafiti wote uliofanyika pwani kwa miaka hii umekwenda wapi? Haukupotea, na ulizaa matunda. Heroini ilianza kuingia miji ya mwambao miaka ya 1980, kwanza ile ya kahawia ya kuvuta kwa moshi. Kuelekea mwaka 2000 ikaja nyeupe inayoyeyuka kwenye maji, na sindano zikaongezeka. Watamu na Malindi, Omari Project ilianza kuhudumia watumiaji mwaka 1995. Mwaka 2005, Sheryl McCurdy na wenzake waliandika katika jarida la BMJ kuhusu jambo walilolikuta Dar es Salaam: mtu aliyekwisha kujidunga anavuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na hela, ajidunge, akiamini imebaki dawa ya kumtuliza arosto, yale mateso ya kukosa dawa. Zanzibar, ambako maambukizi ya VVU kwa watu wote hayafiki asilimia moja, vipimo vya mwaka 2007 vilionyesha asilimia 16 kwa wanaojidunga. Mwaka 2012 ikawa 11.3. Takwimu hizo ndizo zilizosukuma milango. Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kliniki ya kwanza ya serikali katika bara hili kusini mwa Sahara ukiacha visiwa, chini ya juhudi za Dk. Jessie Mbwambo na wenzake. Kidongo Chekundu, Unguja, ikafuata, na Kenya nayo ikafungua za kwake.

Angalia hata hivyo swali lililokuwa linaulizwa. Karibu kila utafiti nilioutaja ulihusu VVU, kwa kuwa fedha zilikuwa za VVU, na aliyelipa ndiye aliyechagua swali. Teja alihesabiwa kama njia ya virusi kusambaa. Kifo chake cha kukosa pumzi, ambacho hakimwambukizi mtu, kikabaki nje ya bajeti. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma zilizoegemea PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI, katika nchi zetu zikatikisika pamoja na takwimu zake. Kituo ninachokitetea lazima mishahara ya watu wake wa msingi itoke kwenye bajeti za serikali zetu. Wafadhili wakaribishwe kwa mashine na kwa miradi ya muda. Daftari la vifo lisimamiwe na sisi wenyewe.

Kuna sababu ya kuharakisha, nayo imeanzia Afghanistan. Heroini yetu kwa miaka mingi imetoka huko, ikishushwa pwani ya Makran na kusafirishwa kwa majahazi hadi karibu na maji yetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha mpopi, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulikadiria eneo lililolimwa limeshuka kutoka hekta 233,000 hadi 10,800. Ghala za zamani hukawia kuisha, lakini soko linaanza kubadilika. Desemba 2023 mamlaka ya Tanzania ya kupambana na dawa za kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Methamfetamini si opioidi, ila ukubwa wa shehena ile unaonyesha kwamba wafanyabiashara hawa hawajifungi na zao moja.

Estonia inatuonyesha kinachoweza kufuata. Taliban walipopiga marufuku kama hiyo mwaka 2000, heroini iliadimika katika nchi ile ndogo, na mwanzoni mwa muongo uliofuata pengo likajazwa na fentanili, dawa ya kutengenezwa maabara ambayo chembe zake zinatosha kuua. Kwa miaka mingi Estonia ikawa miongoni mwa nchi za Ulaya zilizokuwa na vifo vingi zaidi vya kuzidisha dozi kwa idadi ya watu wake. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Sierra Leone, utafiti uliotolewa Februari 2025 ulikuta ndani ya kush, ule mchanganyiko wa majani unaovutwa na vijana wa Freetown, kemikali za jamii ya nitazini. Hizi ni opioidi zilizobuniwa Uswisi miaka ya 1950 na hazikuwahi kuruhusiwa kuwa dawa ya binadamu kwa sababu ya ukali wake. Kwa muda mrefu watu walibishana mitaani kush ina nini, na kila aina ya uvumi ukasemwa, mpaka sampuli zilipopimwa.

Sisi tunapima, lakini tunampimia hakimu. Maabara za serikali hupokea unga uliokamatwa, huthibitisha kwamba ni heroini, na kutoa hati ya ushahidi. Kesi inaweza kukaa miaka. Hakuna anayempigia simu muuguzi wa kliniki ya methadoni kumwambia kwamba wiki hii kete za mtaa fulani zina kitu kigeni. Kazi ya maabara ya kituo iwe hiyo: kupokea mabaki kwenye kijiko, kipande cha pamba, bomba lililotumika, kuvipima ndani ya saa 48 na kutoa tahadhari kwa lugha ya maskani. Mtu asidanganyike na vile vikaratasi vya bei nafuu vya kupimia fentanili, kwa sababu havionyeshi nitazini. Ukivitegemea peke yake utampa mtu majibu ya kumtuliza na kumuua. Inahitajika mashine ya kuchambua molekuli, na zaidi ya mashine inahitajika mkemia wa kudumu na fedha za matengenezo. Nchi zetu zimejaa mashine nzuri zilizofunikwa nailoni kwa kukosa kipuri kimoja.

Sasa niseme kuhusu naloksoni, kwa sababu hapo ndipo utafiti unapokutana na uhai moja kwa moja. Dawa hii iliombewa hataza mwaka 1961, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1971, na tangu 1983 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ichome kwenye paja, na ndani ya dakika chache aliyekuwa anakata roho anavuta pumzi. Hailevi, haina soko vijiweni, na ukimpa kwa makosa mtu ambaye hakutumia opioidi haimdhuru. Mwaka 2014 Shirika hilo lilipendekeza ipewe watu wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa: marafiki, ndugu, wahudumu wa jamii. Kwetu bado, kwa sehemu kubwa, ni dawa ya kabatini hospitalini, na maskani wanabaki na mbinu zao: kumwagia maji, kumpiga makofi, kumnywesha maziwa, hata kumdunga maji ya chumvi. Wanajitahidi kuokoana kwa kile walichonacho.

Kwamba naloksoni inafanya kazi hakuhitaji kuchunguzwa tena. Yanayohitaji kuchunguzwa ni mambo ya kwetu. Nusu saa hadi saa moja na nusu ndio muda wake mwilini. Methadoni hukaa zaidi ya siku. Mtu aliyezidiwa na methadoni ataamka, ataondoka, kisha atazimika tena njiani. Kama kituo cha afya kiko mbali na bodaboda haiendi usiku, wenzake wapewe ampuli ngapi? Je, ampuli ya kioo na sindano ni salama kumpa mama mzazi, au tusubiri ya kupulizia puani ambayo bei yake ni kubwa? Ukimbebesha teja naloksoni, polisi akiipekua pamoja na bomba atamfungulia mashtaka? Hili la mwisho halijibiwi na kemia, linajibiwa kwa kukaa na wakuu wa vituo vya polisi.

Maswali ya namna hii hayataulizwa Baltimore wala London. Chukua rifampisini, dawa ya kila siku ya kifua kikuu. Huharakisha ini kuisaga methadoni, na mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miezi anaamka na arosto: jasho, maumivu ya mifupa, tumbo kukatika. Asipopandishiwa dozi mapema atarudi kwenye kete. Akipandishiwa, kisha akamaliza matibabu ya kifua kikuu na dozi isishushwe kwa uangalifu, anaweza kuzidiwa. Kwenye nchi ambako kifua kikuu na heroini vinakaa nyumba moja, jambo hili lingekuwa la kila wiki kwenye kikao cha kituo. Au chukua mwezi wa Ramadhani. Wapo watumiaji wengi pwani wanaojaribu kupunguza au kuacha kwa heshima ya mwezi, na mwili ukikaa siku ishirini na kitu bila unga husahau kuhimili dozi ya zamani. Wiki ya Idi inatokea nini? Daftari la vifo lingetujibu ndani ya miaka miwili.

Hatari hiyo ya mwili kusahau ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuhusu soba hausi na magereza. Utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, uwezekano wa kufa kwa kuzidisha dozi ulikuwa mara 129 ya ule wa watu wengine wa rika lao. Kwetu familia huuza mbuzi na kukopa ili mtoto alazwe soba hausi kwa miezi minne, anatoka amenenepa, kila mtu anamshangilia, halafu anarudi mtaa uleule. Sijaona nyumba nyingi kati ya hizo zikimtoa mtu na ampuli mbili za naloksoni na maelezo kwa mama yake. Hilo halihitaji kusubiri utafiti wowote. Kituo kianze nalo mwezi wa kwanza.

Wanaoamini fedha nyingi zitamaliza tatizo wautazame mradi wa HEALing, wa kupunguza vifo vya opioidi, uliozinduliwa Marekani mwaka 2019. Ulitengewa zaidi ya dola milioni 350, ukahusisha jamii 67 katika majimbo manne, na vyuo vyenye kila kifaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha vifo 47.2 kwa kila watu 100,000 kwenye jamii zilizopewa mradi na 51.7 kwenye zile zilizosubiri, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kudai mafanikio. Ukisoma undani unaona sababu mojawapo: kati ya mikakati 615 iliyochaguliwa, ni asilimia 38 tu iliyokuwa imeanza kabla ya mwaka wa kupima. Vikao, UVIKO-19, manunuzi, makubaliano, vilikula muda. Ufaransa, kwa upande mwingine, tangu mwaka 1995 iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huu, kwenye zahanati zao bila masharti mengi, na kufikia 1999 vifo vya kuzidisha dozi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 79. Dawa ilisogezwa karibu na mtu.

Fika asubuhi kwenye dirisha la dawa la kliniki ya methadoni uone umbali ulivyo kikwazo. Mtu anapokea kikombe kidogo cha dawa ya maji, anakunywa mbele ya muuguzi, anasukumizia maji, kisha anatakiwa aseme jina lake ili ijulikane amemeza. Wengi wanarudi kesho yake, na kesho kutwa, nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kibarua cha asubuhi kimeshampita. Wanawake kwenye foleni hiyo ni wachache mno, na waliopo wengi wamebeba watoto. Kituo kichunguze nani apewe dozi za kwenda nazo nyumbani, zahanati gani za kata ziweze kutoa buprenofini, na wanawake waliobaki nje wangekuja saa ngapi na mlango upi.

Wakati huohuo kituo kisije kikawa sababu ya wagonjwa wa saratani kukosa mofini. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi za tiba zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Uganda imeonyesha tangu 1993, kupitia Hospice Africa ya Dk. Anne Merriman, kwamba mofini ya maji yaweza kufika vijijini kwa bei ndogo. Wataalamu wa kutuliza maumivu wawe na viti kwenye bodi kuanzia siku ya kwanza, ili kila pendekezo la kubana dawa lipite mbele yao.

Na wawepo walioishi maisha hayo. Kituo maarufu kuliko vyote cha utafiti wa opioidi, kile cha Lexington, Kentucky, kilichofunguliwa mwaka 1935, kiliufundisha ulimwengu mengi kuhusu arosto na uhimili wa mwili. Kilijifunza hayo kwa wafungwa, na baadhi yao walilipwa heroini au mofini kwa kujitolea miili yao. Ilichukua hadi miaka ya 1970 utafiti huo kwa wafungwa kukomeshwa. Teja wa leo wa Manzese au Kisauni hakusoma habari ya Lexington, lakini anajua kwa uzoefu kwamba mtu mwenye daftari anaweza kuwa askari kesho. Bunge la Marekani, mwaka 1970, liliwapa watafiti wa dawa za kulevya kinga ya kisheria wasilazimishwe kutaja majina ya washiriki wao. Sheria zetu zinahitaji kifungu kama hicho kabla dodoso la kwanza halijachapishwa. Bila hicho, ahadi ya usiri tunayowapa watu haina nguvu, na hatuna haki ya kuitoa.

Kama ningeulizwa bajeti ya mwaka wa kwanza, ningeandika hivi. Nyumba ya kupanga Dar es Salaam, karibu na Muhimbili, na chumba kimoja kila upande, Unguja na Mombasa, kwa kuwa unga hauulizi pasipoti na mateja wenyewe huvuka. Wahoji wa vifo kumi na wawili, wengi wao akina mama. Waelimishaji rika wenye mikataba ya kudumu, bima ya afya na mshahara wa ngazi ya mhudumu wa afya, badala ya posho ya nauli tuliyozoea kuwapa. Mkemia mmoja na msaidizi wake, mashine moja, na mkataba wa matengenezo wa miaka mitano uliolipiwa. Mwanasheria wa kuandaa kifungu cha usiri na kujadiliana na polisi kuhusu naloksoni. Na naloksoni yenyewe, ampuli za kutosha kila maskani, kila soba hausi na kila lango la gereza la mwambao, ikinunuliwa na bohari za dawa za serikali kama inavyonunuliwa dawa ya malaria.

Taarifa ya kwanza itolewe miezi kumi na minane baadaye, kwa Kiswahili, ikionyesha vifo kwa mwezi, kwa mtaa na kwa jinsia, na isomwe kwanza kwenye kliniki na maskani zilizotoa takwimu hizo kabla haijapelekwa wizarani.